Kimya cha Miaka 38

Mnamo Januari 2014 mwandishi wa Kenya, Binyavanga Wainaina, akiwa ndiyo kwanza ametimiza umri wa miaka 43, alitoa makala aliyomwandikia mama yake mzazi. Ndani yake alimwambia kwamba yeye, mwanawe, ni mwanamume anayependa wanaume wenzake. Mama hakuyasoma maneno hayo, kwani alikwisha kufariki dunia Julai 2000, na mwana alikuwa Afrika Kusini wakati mauti yanamfika mzazi wake. Kwa hiyo mwandishi alibuni jambo ambalo halikupata kutokea: alijiweka kando ya kitanda cha mgonjwa, karibu na sikio lake, akasema. Kisha akawaeleza wasomaji kwamba hapana siku aliyomwambia. Alijijua tangu ana miaka mitano, lakini hata neno la kujiita hakuweza kulitamka mpaka alipofika miaka 39.

Tangu miaka mitano hadi 43 ni miaka 38.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, waliozoea kukuta katika safu hii habari za bei ya karafuu, nauli za boti na ubovu wa barabara za mashamba, huenda wakauliza tumepatwa na nini. Tumepatwa na hili. Tunaandika kutoka Morogoro Mjini, chini ya milima ya Uluguru, katika mji ambao kila mwaka hupokea vijana kutoka visiwani. Huvuka bahari, hupanda basi Dar es Salaam, huteremka Msamvu na masanduku yao, wakaingia Chuo Kikuu cha Sokoine, au Mzumbe, au Chuo Kikuu cha Waislamu. Baada ya miaka mitatu au minne wazazi huja kuwashangilia wakiwa wamevaa majoho. Ni kinyume cha akili kudai kwamba miongoni mwa maelfu hao hayumo hata mmoja wa namna ya Binyavanga. Yumo. Anahitimu, anaajiriwa, anaulizwa ataoa lini, anacheka, anajibu bado kidogo. Naye ameanza kuihesabu ile miaka 38 yake.

Msimamo wetu tuuweke mapema asije akatokea wa kutupakazia. Hatuandiki ili kubadili mafundisho ya dini ya mtu yeyote. Sisi wenyewe tulilelewa chuoni kwa juzuu kabla ya kuingia shule ya Serikali, na tunajua sheikh husema nini na padri husema nini. Tunaandika juu ya jambo lililo katika mamlaka ya dola na katika uwezo wa jamaa. Je, mtu wa namna hii awindwe? Sisi tunasema asiwindwe. Je, jamaa zake wamsikilize akisema? Tunasema wamsikilize, hata kama watakayoyasikia yatawaliza.

Yafaa kwanza kumweleza mtu mwenyewe, maana katika mabishano ya aina hii mtu hupotea ikabaki kelele. Binyavanga alizaliwa Nakuru mwaka 1971. Mama yake alikuwa mtu wa asili ya Uganda aliyeendesha saluni ya nywele mjini humo. Baba yake alikuwa mkubwa katika bodi ya pareto ya Kenya. Alikwenda kusoma biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei, Afrika Kusini, asimalize. Alirudi kwenye elimu akiwa mtu mzima, na mwaka 2010 alipata shahada ya uzamili ya uandishi katika Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Katikati ya safari hizo mbili alishinda Tuzo ya Caine ya mwaka 2002, akawa miongoni mwa walioanzisha jarida la Kwani? mjini Nairobi, na mwaka 2005 akaandika insha ya kejeli juu ya namna wageni wanavyoiandika Afrika. Insha hiyo ilisomwa ulimwengu mzima. Wako walimu wa vyuo vikuu ambao mpaka leo hawaanzi somo la Afrika bila ya kuitaja.

Mwaka 2011 alitoa kitabu cha maisha yake. Kinasimulia utoto, shule, miaka ya kupotea Afrika Kusini, na siasa za Kenya. Jambo hili halimo. Ndiyo maana makala ya 2014 aliiita sura iliyopotea ya kitabu hicho. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo pa kutazama kuliko mahali pengine popote. Mtu aliyewasuta mabwana wakubwa wa Ulaya kwa kusema nusu ya ukweli juu yetu, naye alipofika kwenye ukweli wake alilazimika kusema nusu. Hakuwa mwoga, vitabu vyake vinashuhudia. Aliogopa kitu kimoja tu, nacho kilikuwa uso wa mama yake.

Tunajua jibu linalotolewa haraka kila habari hizi zinapozuka: hayo ni mambo ya Wazungu, yameletwa. Sisi tulio na itikadi ya kupinga ukoloni tunapaswa kuipima hoja hiyo kwa uangalifu zaidi kuliko wengine, badala ya kuipigia makofi. Mswahili ana neno hanithi alilolipata kwa Mwarabu karne nyingi zilizopita. Ana msenge, ana basha. Maneno haya hayakushuka na ndege ya watalii, na lugha haitungi jina la kitu isichokijua. Neno shoga lenyewe, ambalo bara limegeuzwa tusi, visiwani bibi zetu waliitana nalo mwanamke kwa mwanamke kwa mapenzi na heshima, na wengine wanaitana hivyo hadi leo.

Kilicholetwa ni sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachozungumzia makosa ya kinyume cha maumbile, ni cha ukoo mmoja na kifungu cha 377 ambacho Mwingereza aliwaandikia Wahindi mwaka 1860, kisha akakitembeza katika makoloni yake. Yeye mwenyewe alianza kuiacha sheria ya aina hiyo kwao mwaka 1967. Mahakama Kuu Kabisa ya India ilikiondolea nguvu kifungu hicho kwa watu wazima walioridhiana Septemba 2018. Jirani zetu wa Msumbiji waliiondoa sheria yao ya Mreno katika kanuni mpya ya 2015. Sisi je? Mwaka 1998 tuliongeza adhabu ikawa kifungo cha maisha, isiyopungua miaka 30. Zanzibar nayo mwaka 2004 ikatunga sheria iliyowataja na wanawake. Mkoloni aliondoka, tukabaki na kiboko chake, tukakirefusha, halafu tukakiita mila. Kama hiyo si kasumba, basi neno hilo halina kazi tena katika lugha yetu.

Hatupendi, na tuliseme hili wazi, mfadhili atufundishe utu kwa kutikisa mfuko wa misaada. Nchi iliyochagua kujitegemea haingoji kutishwa ndipo itende haki. Wala hatuhitaji mwalimu kutoka mbali. Imani ya Chama, aliyoiapia kila kada, inaanza na usawa wa binadamu na heshima ya utu wa kila mtu. Miongoni mwa ahadi za mwanachama imo ya kusema kweli siku zote. Hatuwezi kumwapisha kijana kusema kweli, kisha kweli aliyo nayo tukaitengea miaka 30 gerezani.

Na kama tunataka mfano wa Kiafrika, uko hapa hapa Morogoro, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa katika mji huu kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969. Baadaye Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru hao lililokuwa shamba la mkonge la Mazimbu. Wakajenga shule, mabweni, hospitali na karakana, wakaipa shule jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wananchi wa Morogoro waliishi nao, wakacheza nao mpira, wakaoana nao, na wakawazika. Makaburi yao yapo Mazimbu hadi leo. Julai 1992 walitukabidhi majengo yote wakarudi kwao. Sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na mtoto wa Micheweni au wa Makunduchi anaweza leo kusoma katika jengo lililojengwa na mkimbizi wa Soweto.

Watu hao walipofika kwao waliandika Katiba. Ile ya mwaka 1996, aliyoitia saini Rais Mandela tarehe 10 Desemba, inakataza mtu kubaguliwa kwa rangi, kwa dini, kwa jinsia, na pia kwa sababu ya anayempenda kuwa wa jinsi yake. Isidhaniwe kwamba walizaliwa na msimamo huo. Mwaka 1987 kiongozi mmoja mkubwa wa ANC aliulizwa London juu ya jambo hili akalipuuza, na ikambidi Thabo Mbeki, aliyekuwa akisimamia habari za chama, aandike Novemba mwaka huo kwamba ukombozi wanaoupigania hauachi nje watu hawa. Ndani ya nchi walikuwa na Simon Nkoli, kijana aliyekamatwa mwaka 1984 pamoja na wenzake katika kesi ya uhaini ya Delmas, kesi ambayo ingeweza kuwafikisha kitanzini. Akiwa gerezani aliwaambia wenzake kwamba yeye anapenda wanaume. Baadhi walikasirika. Walibishana. Mwishowe walibaki naye kizimbani wote pamoja, na mwaka 1988 akaachiwa huru. Ni vigumu kumfukuza mtu ambaye mmekula naye wali wenye mchanga chini ya makaburu.

Lakini katika habari hii tunakutana na jambo ambalo wapenda sheria pekee hawatalipenda. Binyavanga aliishi Afrika Kusini miaka hiyo hiyo. Alikuwapo wafungwa walipokuwa wakitoka, alikuwapo Katiba ilipotiwa saini. Ulinzi wote wa dola ulimzunguka, na bado hakusema. Aliyetaka kumwambia hakuwa Rais wala jaji. Alikuwa mwanamke mmoja wa Nakuru, mgonjwa wa kisukari, na miaka mitano ilipita bila ya kuonana naye. Mama akafa mwana hajafika. Dola inaweza kuacha kuwinda, na inapaswa kuacha, lakini sikio la mzazi haliwezi kuletwa na Bunge.

Kwa ndugu zetu watendaji tuna neno mahsusi. Februari 2017 Wizara ya Afya ilivizuia vituo 40 vya binafsi kutoa huduma za ukimwi kwa makundi yaliyo katika hatari zaidi, kwa hoja kwamba vilikuwa vikihamasisha ushoga. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, aliwataka wananchi wapeleke majina ya watu wanaowadhania, akatangaza kikosi cha kuwasaka. Tarehe 4 Novemba 2018 Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi na si msimamo wa Serikali. Taarifa ilikuwa sahihi. Ila mtu aliyekuwa amezima simu, akahama chumba alichopanga na kuacha kwenda kuchukua dawa, hakuisoma.

Mganga yeyote wa wilaya anajua hesabu yake. Kirusi hakina habari na hukumu zetu. Mgonjwa anayeogopa dirisha la dawa hatibiwi, na asiyetibiwa huambukiza, na kati ya wanaoambukizwa wamo wake za watu, kwa kuwa wengi wa wanaume hawa wameozwa ili wanyamaze. Hapo kimya kinaingia ndani ya nyumba ya jirani ambaye hana habari. Binyavanga mwenyewe, baada ya kupatwa na kiharusi mwaka 2015, alitangaza Siku ya Ukimwi Duniani, tarehe 1 Desemba 2016, kwamba anaishi na virusi hivyo, na kwamba ana furaha. Neno hilo la mwisho liliwaudhi watu wengi kuliko la kwanza.

Aidha, sheria yenyewe, kwa ukali wake wote, inaadhibu tendo. Haikumpa askari wala sheha kazi ya kumhukumu mtu kwa mwendo wake, sauti yake au nguo zake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake ya ndani na maskani yake. Kukusanya majina ya watu kwa uvumi ni kinyume cha sheria hata kabla hatujafika kwenye mjadala wa ushoga.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani tunazungumza kwa lugha nyingine, ile tuliyofundishwa chuoni. Sura ya Hujurat inakataza kupelelezana na kusengenyana. Sura ya Nur inataka mashahidi wanne kwa tuhuma ya zinaa, na inamwadhibu anayemzulia mwenziwe bila ya kuwaleta. Wazee wetu walielewa maana yake, ndiyo maana Mswahili wa kale alijua kusitiri. Kila mtaa wa Mji Mkongwe ulikuwa na mtu ambaye watu walimjua, wakamwalika harusini, wakamkalisha, wasimuulize. Hatusemi maisha yake yalikuwa mepesi. Tunasema hakuna aliyemwandika katika orodha.

Isipokuwa sitara na kimya si kitu kimoja. Sitara mtu hupewa na watu wake, akakaa ndani yake kama mtu aliye kwao. Kimya hulazimishwa, na anayelazimishwa hana kwao. Tazameni tulivyomfanyia Farrokh Bulsara, mtoto aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, ulimwengu ukamjua kwa jina la Freddie Mercury. Alitangaza kuwa ana ukimwi tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafa. Mwaka 2006 palipokusudiwa kuadhimishwa miaka 60 ya kuzaliwa kwake, pakatokea upinzani mkali kutoka kwa jumuiya za dini. Mwaka 2019 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yake Shangani, na mgeni hulipa kiingilio. Tumekubali fedha ya jina lake. Aliye hai, wa namna yake, tunamwambia ahame mtaa.

Binyavanga alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, akiwa na miaka 48. Siku tatu baadaye, tarehe 24 Mei, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba vifungu vya 162 na 165, ndugu wa kifungu chetu cha 154, vibaki kama vilivyo. Miaka mitano aliyoishi baada ya kusema hakushtakiwa hata siku moja. Alisafiri, aliandika, aligombana na watu, alitukanwa, alipendwa. Mwaka 2014 jarida la Time la Marekani lilimtia katika watu 100 wenye ushawishi duniani. Ilikuwa mitano kati ya 48.

Turudi basi kwa kijana aliyeteremka Msamvu. Walezi wa wanafunzi katika vyuo vya Morogoro wasiwe watu wa kupiga simu Wete au Mkoani kupeleka habari ambayo mwenyewe hajawa tayari kuisema. Anayewajia na siri hakuja kushtakiwa. Waganga wakuu wa mikoa na wilaya, bara na visiwani, waweke wazi kwamba kila anayefika kituoni atapata kipimo na dawa bila ya kuulizwa analala na nani mbele ya foleni, na wawachukulie hatua watumishi wanaotoa nje habari za wagonjwa. Masheha na wenyeviti wa mitaa wakatazwe kwa maandishi kukusanya majina. Wabunge na Wawakilishi, ambao wengi wao hutuambia faraghani yale wasiyothubutu kuyasema ukumbini, walipeleke suala la kifungu hicho kwenye kamati zao, wajiulize kwa nini tumelinda urithi wa Mwingereza kuliko tulivyolinda viwanda vyetu.

Na wewe mzazi wa Pemba, mwanao wa miaka 35, mhitimu, mwenye kazi yake Dodoma au Dar es Salaam, akikupigia simu usiku akasema mama, nina neno, halafu akanyamaza, usimkimbizie habari za mchumba uliyemwona kwa jirani. Mwache anyamaze mpaka aseme.

Kuhusu maagizo kwa vituo vya afya, tutayauliza tena katika safu hii bajeti ya Wizara itakaposomwa.